Vigingi vya Mama Karwirwa

Aliyeng'oa vigingi vya serikali alikuwa mtu mwangalifu kuliko wale waliovipigilia. Sajenti Ndwiga aliliona hilo hata kabla hajachuchumaa kwenye tope.

Kila kigingi kilikuwa kimetolewa juu ya chemchemi na kupandwa upya chini yake, kikiwa kimenyooka wima. Mashimo ya zamani yalikuwa yamefukiwa na kushindiliwa kwa kisigino. Vichwa vya vigingi vilikuwa vimechanika, maana aliyevigonga hakuwa na nyundo, alitumia jiwe. Nyayo zilizobaki chini ya migomba zilikuwa za mguu mtupu, mdogo, zikitoka kigingi hadi kigingi bila kuyumba.

"Ni yeye," alisema hedmani Mwirigi, akiwa amesimama nyuma chini ya mwavuli. Alikuwa mkuu wa hom gadi, wanamgambo wa serikali, katika kijiji kile cha dharura kilichokuwa juu ya Mitunguu, na shamba lake ndilo lililopakana na chemchemi kwa upande wa chini. "Hiyo mama. Hakuna mwingine."

"Nani alimwona?"

"Mimi mwenyewe, na macho yangu. Juzi asubuhi nilikuwa juu ya mnara, nikaona Karwirwa ako hapa chini anagonga mti na mawe. Kichwa yake imeharibika, Sajenti. Hata serikali inajua."

"Uko tayari kuandikisha hayo?"

"Andika. Nitaweka kidole sasa hivi."

Ndwiga aliandika, akamsomea, na Mwirigi akaweka kidole chake chenye pete bila kusita. Alikuwa mtu wa kupenda kuweka kidole.

Ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba. Watu walikuwa wamefungiwa vijijini nyuma ya mahandaki yenye miti iliyochongwa, na mashamba yao yalikuwa yakipimwa upya wao wakiwa hawapo. Pale ambapo kigingi kingesimama siku ya kuandikishwa, hapo ndipo mpaka ungekaa milele. Katika baraza la mwisho Bwana DO, afisa Mzungu wa tarafa, alikuwa amepanda juu ya meza na kuapa mbele ya watu wote kwamba atakayegusa kigingi atasimama mahakamani, awe mzee, awe mwanamke, awe chifu.

Shamba lililokuwa juu ya chemchemi lilikuwa la mjane aitwaye Karwirwa. Miezi michache kabla ya hapo, daktari Mzungu alimpima na kusema hana akili timamu. Serikali ikatangazwa kuwa msimamizi wake, yeye na mali yake. Na kwa kuwa serikali haina miguu ya kutembea shambani, ikamteua Mwirigi atembee kwa niaba yake. Kumkabidhi fisi bucha, watu walinong'ona, kisha wakatazama kama kuna hom gadi karibu. Na sasa lori lilikuwa lije Ijumaa adhuhuri, yaani kesho yake, kumpeleka Karwirwa katika hospitali ya vichaa Nairobi. Waliopelekwa huko kutoka Meru, hakuna aliyemjua hata mmoja aliyerudi.

Ndwiga alifukua kidogo kwa kijiti pembeni mwa kigingi cha kwanza. Akakuta shina nene kama kitunguu, limekatwa kwa panga na bado linatoa majani mapya. Akaenda kigingi cha pili: shina jingine. Cha tatu, vilevile. Alikuwa mtoto wa Embu, nyumbani kwao nako wazee walipanda mmea huo huo mpakani, kwa sababu ukiukata leo keshokutwa unachipua na kukusuta.

"Hedmani, nani alikata mimea ya mpaka?"

"Mbuzi ilikula."

"Mbuzi wa huku wanatumia panga?"

Mwirigi alicheka kwa sauti kubwa kuliko mzaha wenyewe. Ndwiga hakucheka. Alikuwa akiwaza kwamba mwendawazimu hung'oa tu. Huyu aling'oa, akatafuta mashina yaliyofichwa ardhini, akapanda kigingi juu ya kila shina. Kama huo ndio wazimu, basi wapimaji nao wangefaa kuambukizwa.

"Twende nimwone," alisema.

Sheria ilitaka mkalimani, ingawa Kiembu na Kimeru ni ndugu wanaoelewana wakiamua. Mkalimani alikuwa Thuranira, karani wa mahakama, kijana mtanashati aliyevaa tai na koti la mvua lenye vifungo vya shaba. Alikuwa amekaa ndani ya gari la polisi tangu asubuhi, na alishuka kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino.

Karwirwa aliwekwa katika jiko la nyuma kwenye boma la Mwirigi, pamoja na kuku. Mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwa fujo. Ndwiga alipokaribia mlango alisikia sauti ya mwanamke ndani, yenye ukali wa kawaida wa watu wa nyumbani.

"Wewe, nimekwambia mara ngapi? Yai halitagwi kwenye majivu. Toka. Nenda kwenye nyasi, pale, kama wenzako."

Ndwiga akageuka amwite mkalimani. Thuranira alikuwa amebaki langoni, nje ya ua, maji yakimtiririka hadi kwenye viatu.

"Ingia, utalowa!"

"Nitatafsiri kutoka hapa, Sajenti."

"Kwenye mvua yote hii?"

"Nasikia vizuri tu." Akageuka, akayapa mgongo majengo yote ya boma, akapaza sauti kuelekea barabarani. "Anaulizwa, yeye ndiye alihamisha vigingi?"

Sauti yake ilipofika ndani, jiko likanyamaza. Ndwiga aliinama na kuingia. Mwanamke mwembamba wa makamo alikuwa amevuta shuka hadi ikafunika kichwa chote, na amegeukia ukuta. Thuranira akauliza tena kutoka langoni. Akauliza jina lake. Akauliza kama anajua siku. Mwanamke hakutoa hata pumzi ya kusikika. Kitu pekee kilichojibu kilikuwa kuku.

"Unaona, Sajenti?" alisema Mwirigi kwa masikitiko yaliyonona. "Hata kwa daktari ilikuwa hivyo hivyo. Anaangalia ukuta kama ng'ombe mgonjwa. Na hana mtu. Bwana yake alikufa, msichana yake alipotelea Nairobi. Ni mimi tu na serikali."

Kando ya mkeka palikuwa na chupa ya kitu cheusi chenye harufu nzito. Ndwiga aliichukua. Mtu anayeongea vizuri na kuku na kuwa bubu mbele ya askari, huenda ananyweshwa kitu. Aliifunga kwenye leso, akaenda nayo moja kwa moja hadi zahanati ya karibu, akijiona amekwisha kumtia Mwirigi pingu.

Dresa wa zahanati alikuwa mwanamke mnene aitwaye Makandi. Aliifungua chupa, akanusa, akamimina tone kiganjani na kujipaka mkononi.

"Mafuta ya mbarika, Sajenti. Ya kupaka miguu ikipasuka."

"Una hakika hakuna dawa ndani yake?"

"Nimempa mimi mwenyewe. Unataka na wewe nikupe? Naona hizo buti zinakuchoma."

Ndwiga alirudisha leso mfukoni. Nusu siku ilikuwa imepotea kwa mafuta ya miguu, na lori halikuwa likimngoja.

"Kwa nini hukuuliza Kanana kwanza?" Makandi alisema huku akifunga chupa. "Yeye ndiye huyalipia."

"Kanana ni nani?"

"Ai, binti yake! Ako Majengo, anauza maziwa nyuma ya msikiti. Ulidhani Karwirwa ni jiwe, halina mtoto?"

Majengo ya Meru ilikuwa na matope, moshi wa mahamri na vichwa vya mbuzi vilivyopangwa nje ya mabucha. Kila mtu alimjua Kanana wa maziwa. Chumba chake kilikuwa cha mwisho katika safu ya vyumba vya kupanga. Alifungua mlango akiwa na mtoto mgongoni, na alipoona sare ya polisi alisimama katikati ya mlango asipishe mtu.

"Ni kuhusu mama yako," Ndwiga alisema kwa Kiembu, polepole.

"Amekufa?"

"Hapana. Nataka kujua kama ana wazimu."

Kanana alimtazama kwa hasira iliyokuwa imengoja mgeni kwa muda mrefu. "Ingia, basi. Mama yangu ndiye alinifundisha kuhesabu kwa mahindi. Ndiye aliyewaamulia wanawake wenzake mambo ya maji ya mfereji. Leo wanasema hajui jina lake! Nilikwenda kwa ofisi ya Bwana DO mara nyingi hadi nikajulikana na mbwa wa pale. Unajua niliambiwa nini mlangoni? Kwamba mambo ya mwendawazimu huletwa na msimamizi wake. Nikauliza msimamizi ni nani. Serikali. Nikauliza, basi serikali ni nani? Mwirigi. Kwa hiyo nikitaka kumshtaki Mwirigi, nimwombe Mwirigi aniletee mashtaka!"

"Siku ile ya daktari ulikuwepo?"

"Mwirigi alifunga lango la kijiji. Niliambiwa tu baadaye kwamba aliulizwa maswali akanyamaza. Mama yangu! Yeye hata akiumwa koo hanyamazi."

"Nani alikuwa anatafsiri?"

"Sijui. Mtu wao."

Ndwiga alikuwa ameacha kumtazama. Juu ya msumari, nyuma ya mlango, lilining'inia koti la mvua lenye vifungo vya shaba, na chini yake palikuwa na kidimbwi kidogo kinachokua tone kwa tone.

"Mume wako anafanya kazi gani, Mama?"

"Karani kwa korti. Amepita hapa sasa hivi kubadilisha nguo, alikuwa amelowa mpaka mifupa." Kanana alifuata macho ya Ndwiga hadi kwenye koti. "Kwani ana nini?"

"Alipokuoa, alipeleka nini kwenu?"

"Asali, kama watu wote. Na kondoo. Mama mwenyewe aliipokea asali kwa mikono miwili, ilikuwa kabla ya emajensi, na kijiji chote kikanywa pombe yake. Kwa nini unauliza?"

Kila kitu kilikuwa kimeshuka mahali pake, na Ndwiga alitamani kingeshuka pengine. Mkwe aliyekwisha kupeleka asali haingii katika nyumba ya mama mkwe wake ovyo. Hamtazami usoni, haketi naye, hamuulizi jina lake. Na mama mkwe akisikia sauti ya mkwe wake anajifunika na kugeuka, na hatamki neno hadi apite. Hivyo ndivyo ilivyo Meru, na Embu ni vilevile. Mwanamke yeyote mwenye heshima zake angefanya alichofanya Karwirwa. Wangemletea daktari mwendawazimu wa kweli, huenda angejibu maswali yote.

Mlango ulifunguliwa. Thuranira aliingia akiwa na mkate chini ya kwapa, akamwona Ndwiga, akasimama.

"Siku ya daktari," Ndwiga alisema, "ulisimama wapi?"

Mkate ulianguka. Kanana aligeuka polepole kumtazama mumewe.

"Ni wewe?" aliuliza. "Ulisimama mbele ya mama yangu?"

"Mlangoni," Thuranira alisema kwa sauti ndogo. "Nilimpa mgongo. Niliuliza maswali nikiangalia nje. Wallahi sikumtazama."

"Daktari akasema nini?" Ndwiga aliuliza.

"Akasema, anajibu? Nikasema, hajibu. Ilikuwa kweli, Sajenti. Hakujibu."

"Na ukamwambia kwa nini hajibu?"

Thuranira alikaa juu ya ndoo ya maziwa. "Mwirigi anajua nilikula kiapo cha watu wa msituni mwaka wa hamsini na mbili. Mimi na nusu ya watu wa hapa, lakini mimi ndiye mwenye kazi ya serikali. Alikuja akaniambia, wewe ndiye utatafsiri Jumanne, hakuna mwingine. Ukifungua mdomo kuhusu asali, mimi nafungua wangu kuhusu kiapo, na wewe unalala kizuizini Manyani. Mtoto alikuwa na wiki mbili."

"Na Bwana DO hakuuliza mama huyo ni nani kwako?"

"Hajawahi kuuliza. Kwake sisi sote ni ndugu."

Kanana hakupiga kelele. Aliokota mkate, akaupangusa, akauweka mezani. Kisha akasema, "Usiku wa leo utalala kwa rafiki yako yeyote. Mimi sitalala na mtu aliyemuuza mama yangu akiwa amempa mgongo." Thuranira aliinuka kutoka kwenye ndoo. Ndwiga alimwonea huruma kidogo, na hasira nyingi, akatoka nje kabla hajachanganya viwili hivyo.

Asubuhi ya Ijumaa alirudi katika jiko la kuku bila mkalimani. Karwirwa alikuwa ameketi mlangoni, akijipaka mafuta miguuni kutoka kwenye chupa nyingine. Alipomwona alichungulia nyuma yake, hadi langoni, kisha zaidi.

"Sikuja naye, Mama," alisema Ndwiga. "Yuko mbali. Nimejua ni mkwe wako."

Mwanamke aliweka chupa chini. 

"Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Kivuti, wa Embu."

"Nimesikia. Unaongea kama mtu aliyetia nduma ya moto mdomoni." Kisha machozi yakamtoka, akayapangusa kwa kiganja chenye mafuta. "Wamemleta mkwe wangu aniulize kama najua jina langu. Jina langu! Yeye hata halitamki, kwa adabu. Ningejibuje? Ningesimama uchi ingekuwa afadhali. Nilisema moyoni, nitanyamaza, watu wataelewa. Mwirigi alikuwa pale, yeye ni Mmeru, ataelewa. Na alielewa. Alikuwa anatabasamu."

"Baadaye hukuwaambia askari?"

"Niliwaambia wote. Wakacheka, wakasema sikiliza mwendawazimu anavyojitetea. Ukishaitwa hivyo, ukinyamaza ni wazimu na ukiongea ni wazimu. Sasa naongea na kuku. Wao hawajaambiwa."

Ndwiga alichuchumaa mbele yake. "Nani alihamisha vigingi?"

"Mimi." Hakufikiri hata kidogo. "Kila asubuhi wananituma kuni. Nikaona wamepita juu ya chemchemi. Baba ya Kanana alichimba ile chemchemi kwa mikono, na mpaka uko chini, hata wakikata mimea iko ndani ya udongo. Nikaitafuta kwa vidole. Nikarudisha kila mti mahali pake. Kuna ubaya?"

"Kwa sheria ya emajensi, ni kosa kubwa. Kuna jela."

"Jela wanakuuliza jina lako?"

"Wanakuuliza jina, na kama ulifanya au hukufanya. Na ukimkataa mkalimani, analetwa mwingine."

Karwirwa alimtazama usoni. Alikuwa na macho makali ya mtu aliyewahi kuamua kesi za maji. "Basi ulikuja kwa jambo hilo," alisema.

"Nilikuja kwa jambo hilo. Lakini ujue kabla hujasema tena: nikiandika, sitaweza kufuta."

"Sasa unangoja nini?" alisema Karwirwa.

Bwana DO alifika na Landrova kabla ya adhuhuri, na lori nyuma yake. Alikuwa kijana mwenye ngozi iliyobabuka kwa jua na Kiswahili cha mashamba ya walowezi. Ndwiga alimweleza yote mbele ya kambi ya hom gadi. Thuranira alikuwa amesimama upande wa pili wa lori, ambako Karwirwa asingeweza kumwona wala kumsikia.

"Wewe, karani!" Bwana DO aliita akizunguka lori. "Hii mama iko nani kwako?"

"Mama mkwe, Bwana."

"Kwa nini wewe hapana ambia mimi?"

Thuranira alitazama viatu vyake. Mwirigi ndiye aliyejibu, kutoka mbali: "Ni desturi ya zamani tu, Bwana. Sisi watu wa kanisa hatufuati."

"Hedmani amejenga nyumba yake upande wa nyuma wa kanisa," Ndwiga alisema, "na mama mkwe wake akipita, yeye mwenyewe anajificha chooni. Kijiji chote wameona. Waulize, Bwana."

Kuna mtu alicheka kati ya wanawake waliokusanyika na mitungi. Uso wa Bwana DO ulizidi kuwa mwekundu. Alirudi mbele ya lori, akamwelekea Karwirwa, na kwa mara ya kwanza akamwuliza yeye, Ndwiga akitafsiri.

"Hii mwaka gani?"

"Mwaka wa tatu tangu mtutie ndani ya handaki."

"Nani natawala hapa?"

"Mwenye lori. Lakini chemchemi ni yangu."

Bwana DO alivua kofia, akajipangusa. Mtu angeweza kuona kwamba ameelewa. Na mtu angeweza kuona pia jinsi kuelewa kulivyokuwa kukimsumbua. "Sajenti, mimi nasikia. Lakini daktari nasema wazimu. Karatasi nakwisha kwenda Nairobi. Kama hii mama nataka toka, lazima msimamizi yake naleta maombi. Hiyo ndiyo sheria."

"Msimamizi wake ni hedmani, Bwana."

"Ndiyo. Sheria."

"Na yeye ndiye anayechukua shamba."

"Sajenti, mimi hapana tengeneza sheria!"

Hasira ilimpanda Ndwiga hadi akahisi ladha yake mdomoni. Miaka mingi alikuwa amekula mshahara wa watu hawa, akabeba barua zao na kuwafungulia malango, na hakuna hata siku moja aliyosikia sheria ikiambiwa isubiri kwa ajili ya mtu mdogo. Alifungua mkoba wake.

"Sawa, Bwana. Basi nimalize kazi niliyotumwa. Nilitumwa kumtafuta aliyehamisha vigingi. Ni huyu. Amekiri, na kuna shahidi aliyemwona." Akatoa karatasi ya jana. "Hedmani Mwirigi, na kidole chake."

"Lakini wazimu hapana shtakiwa!"

"Ulisema kwenye baraza, Bwana, awe mzee, awe mwanamke, awe chifu. Watu wote hawa walikusikia. Leo wakiona aliyegusa vigingi ameitwa kichaa na kupelekwa zake, kesho kila kigingi kutoka hapa hadi Timau kitang'olewa na kichaa."

Wanawake wenye mitungi walikuwa wamesogea karibu. Bwana DO aliwatazama. Alitazama vigingi kule chini, vikiwa vimenyooka kama alivyovipenda, mahali asipopapenda. Alikuwa mtu wa vigingi kuliko kitu kingine chochote.

"Hakimu naweza uliza daktari ingine," alisema hatimaye, kama mtu anayejinong'oneza.

"Anaweza, Bwana. Mbele ya mkalimani mwingine."

"Shtaki yeye."

Mwirigi alisogea haraka, mwavuli umefungwa, na mara moja sauti yake ikawa tamu. "Bwana, ngoja, hiyo si sawa. Huyu mama hawezi kuweka kidole kwa karatasi. Mimi ndiye msimamizi yake. Kama ni kidole, mimi nitaweka kwa niaba yake." Na tayari alikuwa ameunyoosha mkono wenye pete.

"Rudisha mkono, Hedmani," alisema Ndwiga. "Shamba lake lina msimamizi. Kosa halina msimamizi. Kosa ni lake mwenyewe."

Akamgeukia Karwirwa, akamsomea mashtaka kwa Kiembu, neno kwa neno: kwamba yeye, kwa hiari yake na akijua anachofanya, alihamisha alama za mpaka. Alipofika kwenye "akijua anachofanya", Karwirwa alimwomba airudie. Akairudia.

"Soma kwa sauti," alisema Karwirwa. "Wale wa nyuma hawasikii."

Akaisoma kwa sauti. Sehemu hiyo ilipopita, mwanamke mmoja mwenye mtungi alianza kulia na wengine wakamshika.

"Umekubali?" Ndwiga aliuliza.

"Nimekubali. Na uandike kwamba nilivirudisha penye mpaka. Usikate."

"Nimeandika, Mama."

Karwirwa alipangusa kidole gumba kwenye shuka ili mafuta ya mbarika yasiharibu wino, akakiweka juu ya karatasi, akakikandamiza sana. Mwirigi aliangalia kando. Askari wawili walikuja kumshika mikono na akawaambia hakuna haja, anajua lori likoje. Thuranira naye alikuwa arudi mahakamani kwa lori hilo hilo, hivyo Karwirwa alipokwisha kupanda alimwita Ndwiga.

"Mwambie yule kijana akae mbele na dereva. Siwezi kukaa naye nyuma. Amenikosea, lakini asali yake niliinywa."

Lori lilipanda kilima likipiga kelele, likapita lango na handaki. Njia ya kushoto ilikwenda Embu na Nairobi, na dereva, kwa mazoea ya amri ya kwanza, alikuwa amekwisha kuwasha taa ya kushoto. Ndwiga, aliyekuwa mbele yake kwenye gari la polisi, alitoa mkono dirishani na kuonyesha kulia. Dereva akakata kulia, kwenda Meru, mahakamani.